Kikundi cha Ukoo: Msumeno wa Juma

*Juma:* Shikamooni. Msumeno wa mnyororo nimeutanua tundu la eksozi na kusugua njia za silinda. Sikilizeni unavyolia, raha tupu 🔥
🎤 0:12

*Mjomba:* Marahaba. Zima.

*Juma:* Kwani vipi tena?

*Mjomba:* Huo mlio mwembamba unaousifia ni njaa ya petroli. Hewa umeongeza, kabureta inatoa mafuta yale yale. Na oili si imo humo humo kwenye petroli? Injini inapata joto huku ulainishaji umepungua. Pistoni itachubuka, na itaanzia upande wa eksozi.

*Shangazi:* Umemwamsha mtoto pia.

*Juma:* Pole Shangazi 🙏 Mjomba, basi nikaze skrubu za kabureta?

*Mjomba:* USIKAZE! Kukaza ni kupunguza mafuta. Legeza, kinyume cha saa. H ni ya kasi kubwa, L ya kasi ndogo. Ile ya tatu haigusi mafuta, inasukuma tu kipepeo, kile kibati cha kupitisha hewa kwenye kabureta.

*Mjomba:* Ila kwanza safisha chujio la hewa, weka petroli mpya. Kama unachanganya 50:1, ni mililita 20 za oili kwa lita. Usizidishe oili ukidhani unailinda, petroli inayoingia itapungua na utapanga upya. Baa (ule ubapa unaoshika mnyororo) na mnyororo viwe vimefungwa. Kata gogo kidogo ipate moto.

*Juma:* Tayari.

*Mjomba:* L kwanza. Ukivuta resi ghafla isisite. Kisha ile ya tatu, mpaka ukiachia resi mnyororo usimame kabisa. Sasa legeza H robo mzunguko, vuta resi mpaka mwisho, sekunde mbili tatu tu, hewani.

*Juma:* 🎤 0:05
Inafanya brrr-brrr-brrr. Nimeiharibu?

*Mjomba:* Ndiyo ninayoitaka hiyo. Mafuta yamezidi kiasi, inaruka milipuko. Zamisha kwenye gogo.

*Juma:* Eeh! Ikiingia kwenye mti mlio unasafika. Nikiinua tu, brrr inarudi.

*Mjomba:* Hapo hapo. Ikibaki brrr hata ndani ya gogo, kaza kiduchu. Ikisafika hata hewani, legeza.

*Baba Asha:* Samahani Mjomba, naongezea. Koili nyingi za siku hizi, zile za kutoa cheche za plagi, zinakata moto kasi ikifika kikomo, nazo zinatoa mlio wa kukwamakwama kama huo huo. Mtu anadhani mafuta ni mengi, kumbe machache mno.

*Mjomba:* Umenena. Juma, legeza H tena kidogo. Mlio ukiwa mzito na kasi ikashuka, ni mafuta. Usipobadilika, unasikiliza koili.

*Juma:* Umeshuka. Ni mafuta.

*Rehema:* Na wangu mbona sioni hizo skrubu?

*Baba Asha:* Wako ni M-Tronic ya Stihl dada, unajipanga wenyewe. AutoTune ya Husqvarna vivyo hivyo.

*Juma:* Mjomba, kuna jingine. Nikiachia resi inachelewa kushuka. Ikikaa kidogo inapanda yenyewe.

*Mjomba:* Weka bisibisi chini. Inavuta hewa mahali. Gasiketi ya silinda uliweka mpya?

*Juma:* Ya zamani ilikuwa nzima.

*Mjomba:* Nzima kwa macho. Tutapima hiyo, mpira wa kabureta na sili za krenki. Usiiwashe tena mpaka nije na pampu ya presha.

*Juma:* Sawa. Naanza kufungua mfuniko.

*Shangazi:* Fungua kimyakimya.