Mchicha na maharage kila siku, damu bado iko chini

Swali: Binti wa miaka 16 anakula ugali, maharage na mchicha, chai ya rangi juu yake. Kapimwa, damu pungufu. Nyama ni mara moja kwa wiki. Tuanze kubadilisha nini?

Jibu 1: Chai. Tanini zake hushika madini ya chuma ya mboga na nafaka, yasifyonzwe. Isogezeni mbele saa moja au mbili baada ya kula. Kahawa vilevile.

Jibu 2: Kamulia nusu limau juu ya mchicha ukishaipua, usilichemshe: moto huharibu vitamini C, inayosaidia chuma kufyonzwa. Limau hakuna? Pera moja, mlo huohuo, si jioni. Maharage loweka usiku kucha na umwage maji, fitati zipungue, nazo huzuia chuma kufyonzwa.

Jibu 3: Naongezea dagaa, konzi moja ndani ya maharage, samaki na nyama husaidia chuma cha mboga kufyonzwa. Mchicha peke yake unasifiwa kupita kiasi, jamani. Ila upungufu ukishaonekana kwenye kipimo, chakula hukawia kuurekebisha. Arudi kliniki waangalie minyoo, malaria na hedhi nzito, waamue kuhusu vidonge.

Muuliza: Na maziwa?

Jibu 2: Kalisiamu nayo huzuia. Mpe saa kumi, mbali na mlo.