Smita Patil au Shabana Azmi: nani tumpe Jumamosi zetu nne?

BintiNgamiani

Assalaam alaykum wadau, na wengine wote habari zenu.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Tanga tuko akina mama kumi na wanane. Hesabu za Jumamosi zikiisha huwa hatuondoki. Tunatundika shuka ukutani na kuangalia picha za Kihindi kwa projekta ya kuazima. Za kuimba na kukimbizana bustanini tumeshazimaliza. Mwezi uliopita mama mmoja mtu mzima akasema, "Sasa tutafutie za maisha, za watu kama sie." Wote wakaitikia.

Zimebaki Jumamosi nne kabla hatujavunja mzunguko, na nimeona tuchukue mwigizaji mmoja tumfuate mpaka tumjue. Nimepekua nikabaki na wawili, Smita Patil na Shabana Azmi. Wote walitolewa na mwongozaji mmoja, Shyam Benegal, miaka ya 1970. Wote walicheza zile picha zisizo na mapambo, za wakulima, watumishi wa ndani na wanawake walioachwa. Nikimtazama huyu namtaka, nikimtazama yule namtaka.

Mnisaidie: nani, na picha zipi nne? Mkumbuke wengi wetu maandishi ya Kiingereza chini ya picha hayatusaidii. Natafsiri mimi kwa mdomo, kama wanavyofanya kwenye mabanda ya video, kwa hiyo picha yenye maneno mfululizo itanikausha koo.

MwalimuWaKisauni

Dada, mie ni Shabana na sizunguki.

Tuzo ya Taifa ya India ya mwigizaji bora wa kike ameichukua mara tano na hakuna mwanamke aliyemfikia: Ankur, Arth, Khandhar, Paar na Godmother. Hizo tatu za kati alizichukua mfululizo. Smita alipata mbili, kwa Bhumika na Chakra.

Tuziache tuzo. Mwangalie kwenye Ankur ya 1974, ndiyo iliyomtambulisha. Ni Lakshmi, mtumishi wa ndani, mumewe mfinyanzi bubu na kiziwi. Kijana wa mwenye mashamba anamtaka, anampata, na mimba ikiingia anataka itolewe. Mwishoni yule bubu anachapwa mijeledi bila kosa. Lakshmi anamkimbilia, anamkinga, kisha anamgeukia bwana yule na kumwaga yote yaliyomjaa kifuani. Na huyo anayecheza ni binti wa mshairi, Kaifi Azmi, mama yake Shaukat mwigizaji wa jukwaani, amekulia Bombay kwenye nyumba ya vitabu na mikutano. Lakini namna anavyochuchumaa na kufagia, utaapa amezaliwa kijijini. Kazi aliisomea, chuo cha filamu pale Pune, na masomo yake yanaonekana.

Halafu Paar, 1984. Mume na mke wasio na ardhi wamekimbia kijiji chao Bihar, wamekwama Calcutta, nauli ya kurudi hawana. Kazi pekee wanayopata ni kuswaga kundi la nguruwe kuvuka mto kwa kuogelea, na mke ana mimba. Najua nguruwe si mnyama wa kumkaribisha sebuleni kwenu, lakini hao akina mama hawatapepesa macho. Na pale mtoni maneno ni machache mno, koo lako litapumzika.

MzeeWaMajestic

Mabinti zangu, hamjambo. Naona mmeanza mbio kabla hamjawasalimu waliotangulia. Kama ni za maisha, Nargis mbona hayumo? Awara ilipofika Unguja mama yangu alikwenda kuiona kwenye maonyesho ya wanawake watupu, na mpaka anazeeka alikuwa akiisimulia. Mother India ya 1957 mpaka leo haijazeeka.

Haya, nimeuliza, nimetosheka. Kati ya hao wawili, mie Smita nilimjua kwa sababu ya steringi Amitabh Bachchan. Kumbi zetu zikileta Namak Halaal na Shakti, picha za watu wengi. Ndani ya Namak Halaal kuna wimbo wa mvua, ukumbi mzima unashangilia, na mie nikamwona tu kama binti mzuri mwenye macho makubwa. Baadaye sana nikapata kanda ya Chakra. Yule yule binti, sasa yuko kwenye kibanda cha mabati na magunia kando ya Bombay, ana mtoto wa kiume anayemponyoka. Nilirudisha kanda nyuma kuhakikisha kama ndiye. Ndiye. Kura yangu mpeni Smita.

FundiPicha

Shikamoo mzee. Umeniwahi kwa Chakra.

Nimekuwa nikizifuatilia picha za wote wawili kwa miaka, na naomba niseme kirefu kidogo kwa sababu swali la dada ni zito kuliko linavyoonekana.

Mwalimu ametaja chuo. Smita hakupita huko. Alizaliwa Pune mwaka 1955, baba mwanasiasa, mama mfanyakazi wa huduma za jamii, na kilichomfikisha kwenye picha ni kusoma habari kwa Kimarathi kwenye televisheni ya Bombay. Inasimuliwa kwamba alikuwa akifika na suruali ya jinzi, muda wa kusoma unapokaribia anajizungushia sari juu yake, kamera inaonyesha kiunoni kwenda juu, mambo yanakwisha. Benegal akaiona ile sura kwenye kioo. Mweusi wa rangi, hana vipodozi vingi, uso umetulia, na India ya sinema wakati ule ilitaka steringi wa kike awe mweupe kama maziwa.

Tukifika kwenye maziwa tumefika kwenye picha ambayo kwa kikundi chenu naiona imeandikiwa ninyi: Manthan, 1976. Kijiji cha Gujarat, wafugaji wanauza maziwa kwa mwenye kiwanda anayewapunja bei. Anafika daktari wa mifugo kutoka mjini kuwaanzishia ushirika, na matajiri na wakubwa wa kijiji wanaanza kumchimba. Smita ni Bindu, mwanamke mkali wa maneno, maskini, anayeanza kwa kumtilia shaka yule mgeni. Sasa sikieni picha yenyewe ililipiwa na nani. Wafugaji 500,000 wa ushirika wa Gujarat walichanga rupia mbili mbili. Rupia milioni moja, picha ikatengenezwa, na ilipotoka wachangaji wakaja mijini kwa malori kuiona picha yao. Tanga kwenyewe kuna ushirika wa wafugaji wa maziwa, na ninyi ni watu wa hisa. Hakuna atakayehitaji kuelezwa kwa nini mwenye kiwanda anakasirika.

Inasimuliwa pia kwamba wakati wa kupiga picha ile walikuja wanafunzi kuangalia, wakauliza mwigizaji mkuu wa kike yuko wapi. Walipoonyeshwa Smita, amekaa chini na wanawake wa kijiji, hawakuamini. Kwangu hapo ndipo tofauti ilipo. Shabana ananifanya nimwogope kwa uwezo wake, naiona kazi na naiheshimu. Smita ananisahaulisha kwamba kuna kazi. Nikimaliza Manthan namuwaza Bindu, ng'ombe wake na mumewe.

Kisha mwende Mirch Masala ya Ketan Mehta. Kijiji tena, enzi za Mwingereza. Mkusanya kodi anamtaka Sonbai, Sonbai anamzaba kofi na kukimbilia kwenye kiwanda cha kusaga pilipili. Mlinzi mzee, Abu Mian, anafunga lango. Wazee wa kijiji wanasema atolewe ili kijiji kinusurike, na hata wanawake wenzake waliomo ndani wanaanza kumlaumu. Mwisho wake sikuhadithii, lakini pilipili ile haipo pale kwa mapambo. Ilitoka mwaka 1987, Smita hayupo tena duniani.

MwalimuWaKisauni

FundiPicha, nimekusoma na Manthan nakupa. Lakini hili la kusahau kwamba kuna kazi silikubali. Kazi kuonekana ni kosa? Mwangalie Shabana kwenye Khandhar ya Mrinal Sen: binti amebaki kwenye magofu ya jumba la ukoo na mama kipofu, anasubiri mwanamume aliyeahidi kuja na hatakuja. Hana la kusema. Anajibu kwa namna anavyogeuza shingo.

Na kuna jambo lingine dada alifikirie. Kikundi chake kina watu wa umri gani? Shabana amezaliwa 1950 na yupo, bado anacheza. Ukimfuata yeye unamfuata mwanamke toka ujana mpaka ubibi, na nje ya picha pia: mwaka 1986 alikaa bila kula Bombay kwa ajili ya watu waliovunjiwa vibanda vyao, akaja kuteuliwa bungeni 1997, na kijiji cha baba yake, Mijwan, anakihudumia mpaka sasa. Smita anakwisha akiwa na miaka thelathini.

MzeeWaMajestic

Thelathini na moja, mwalimu.

MwalimuWaKisauni

Kweli mzee, thelathini na moja. Nisamehe.

HamidMuscat

Huku Muscat tunaziangalia picha za Kihindi na Wahindi wenyewe pembeni, na hoja hii hii tumeshakesha nayo. Jibu letu huwa Arth, 1982, ya Mahesh Bhatt, kwa sababu wote wawili wamo. Shabana ndiye mke, Smita ndiye nyumba ndogo.

Msije mkaiangalia kwa kuchagua upande. Mke anaachwa na anapaswa kujifunza kupanga chumba na kutafuta kazi. Yule mwingine ni mwigizaji maarufu, amempata mume wa mtu, na akili inamponyoka siku baada ya siku kwa hofu na kujilaumu. Mwisho mume anarudi kuomba radhi. Mke anamuuliza: ningefanya mimi uliyoyafanya wewe, ungenipokea? Mume, kwa ukweli wake, anajibu hapana. Dada, pale simamisha picha uwaache wamama waongee. Msipokesha nitashangaa.

Tuzo alipewa Shabana. Mke wangu mpaka leo anasema aliyebeba mzigo mgumu ni Smita, maana kumfanya mtazamaji amhurumie nyumba ndogo si jambo jepesi.

Nuru_K

Salaam. Mie ni mkunga, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiingilia mahali pengine.

Smita alijifungua mtoto wa kiume tarehe 28 Novemba 1986. Akafariki tarehe 13 Desemba kwa matatizo ya uzazi. Siku kumi na tano. Hakumaliza arobaini. Mwanamke maarufu, Bombay, hospitali zipo, madaktari wapo. Kila nikiangalia picha zake hilo linanirudia, kwa sababu nimewaona wanaoondoka hivyo, homa imeanza jioni watu wanasema ni uchovu wa kujifungua.

Dada BintiNgamiani, kwenye watu kumi na wanane lazima yumo aliyempoteza dada au binti kwa njia hiyo. Usiwaambie mwanzo. Wakishampenda, Jumamosi ya mwisho, waambie taratibu, na uwe na muda wa kukaa nao. Waambie na habari ya mtoto: Prateik amekua, naye ni mwigizaji, na mwaka 2025 alianza kutumia jina la mama yake, Prateik Smita Patil.

Kwa picha naongeza Umbartha ya Jabbar Patel, ya 1982, iliyopo kwa Kihindi pia kwa jina la Subah. Mke wa mwanasheria anaacha nyumba nzuri, mume na mtoto kwenda kusimamia makazi ya wanawake waliotupwa na jamii. Kuna maneno kiasi, lakini utaweza. Bhumika ni kubwa kuliko zote, alicheza maisha mazima ya mwanamke akiwa na miaka ishirini na mbili tu, ila inakwenda mbele na nyuma, mara rangi mara nyeusi na nyeupe. Kuitafsiri kwa mdomo utapotea.

BintiNgamiani

Nimewasoma wote, wengine mara mbili. Nuru, wewe nimekusoma mara tatu. Yumo. Ni mimi mwenyewe, mdogo wangu.

Tumeamua hivi: Manthan, Umbartha, Arth, Mirch Masala. Ni Smita, lakini Arth tumeiweka ya tatu makusudi ili wamwone na Shabana, mwalimu usikate tamaa.

BintiNgamiani

Narudi na habari. Jana ilikuwa Manthan.

Watu kumi na wanane, na watoto mlangoni. Ule utangulizi unaosema picha imeletwa na wafugaji 500,000 niliutafsiri, mweka hazina wetu akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaanza kupiga hesabu ya rupia mbili mbili kwenye daftari la kikundi.

Mzee, FundiPicha, hamkuniambia kuhusu kile kidole gumba. Mnakumbuka pale yule mwenye kiwanda anapomletea Bindu karatasi asiyoweza kuisoma, na Bindu anatia kidole, na ile karatasi inakuwa mashtaka ya uongo dhidi ya daktari? Nilikuwa natafsiri nikasikia yule mama aliyeomba za maisha anasema kwa sauti, "Mwambieni asiweke." Hakuwa akiniambia mimi. Alikuwa anaongea na ukuta. Nikanyamaza, sikutafsiri tena mpaka sehemu ile ikapita, na hakuna aliyelalamika.

Baadaye akatusimulia shamba la marehemu mumewe lilivyokwenda. Karatasi kama ile ile.

MwalimuWaKisauni

Pole yake mama huyo. Na pole yako kwa mdogo wako, dada.

Mzunguko mpya mnaanza lini? Nina Paar nzuri, safi, naweza kukutumia kwa flashi na basi la asubuhi.

BintiNgamiani

Januari, mwalimu. Itume. Ankur pia kama unayo.