Naombeni ushauri: semina imeniita moto, nyota inaniita maji

Kijana wa Zamu (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Kazini tulifanyiwa semina ya kujitambua. Tukajibu maswali, kisha tukagawanywa makundi manne: moto, maji, upepo na udongo. Mimi nikaangukia moto. Tangu hapo nikipaza sauti kidogo kikaoni utasikia, "Mwacheni, ndiyo moto wake huo." Mwanzoni nilicheka. Siku hizi nikileta hoja haijibiwi, unajibiwa moto.

Cha ajabu, nimezaliwa Julai mwanzoni, nyota yangu ni Kaa, na Kaa ni ya maji. Kweli nyumbani mimi hulia hata nikitazama tamthilia. Sasa bosi anataka kupanga timu kwa kufuata yale makundi. Mtu anaweza kuwa vyote viwili? Na nimwambieje bila kuonekana kweli nina moto?

Binti Kimya
Pole kaka. Hapo umepimwa kwa vipimo viwili visivyojuana. Nyota zipo 12, na kila asili ina tatu: moto ni Punda, Simba na Mshale, udongo ni Ng'ombe, Mashuke na Mbuzi, upepo ni Mapacha, Mizani na Ndoo, maji ni Kaa, Nge na Samaki. Kinachotazamwa ni jua lilikuwa wapi ulipozaliwa, basi. Semina imetazama ulivyojibu siku ile. Kama ulijaza ukiwaza kazi, aliyepimwa ni yule mtu wa kazini.

Kobe Mjanja
Mimi udongo, mke wangu maji. Nyumba yetu ni tope tupu 😂

Mzee wa Maktaba
Mkuu, walioanzisha mambo haya hawakuwa wanagawa watu. Empedocles, Mgiriki wa kisiwa cha Sicily, karne ya 5 KK, alisema kila kitu kimechanganywa kutokana na mizizi hiyo minne. Mapenzi huiunganisha, ugomvi huitenganisha. Akaja Aristotle akaipa sifa: moto ni joto na ukavu, upepo joto na unyevu, maji baridi na unyevu, udongo baridi na ukavu. Sifa moja ikigeuka, kitu kizima kinageuka. Unyevu wa maji ukiondoka, unabaki na udongo.

Matabibu kama Galen, na baadaye sana Ibn Sina, walijenga tiba juu ya mafundisho hayo. Waliamini kila mwili una vyote vinne, ila hali yake huenda na umri, majira na chakula. Kwa hiyo kilichosumbua akili zao kilikuwa kipi kimezidi kwa huyu mgonjwa, sasa hivi. Semina yenu imeruka hapo. (Wachina wao wana vitano: mti, moto, udongo, chuma na maji. Wenzetu wa upepo sijui wangekaa wapi.)

Msema Hapana
Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ameandikiwa yeye. Karatasi zote zilikuwa na maneno yaleyale, mengi kayatoa kwenye kitabu cha nyota. Walipoulizwa yanawafaa kiasi gani, wastani ukawa 4.26 kati ya 5. Hiyo ya kulia kwenye tamthilia nayo haikutofautishi na yeyote. Nusu ya humu tunalia, tumejificha tu.

Binti Kimya
Msema Hapana, hapo sikupingi. Lakini mimi sitafuti utabiri. Nikijikuta nakubali kila ombi la kila mtu, hujiambia leo maji yamezidi, ongeza udongo, halafu nakataa ombi moja. Kwangu hiyo inafanya kazi kuliko kujiita dhaifu.

Kijana wa Zamu (mleta uzi)
Hiyo ya "kilichozidi" nimeielewa. Kikaoni moto unazidi, kweli. Sasa bosi?

Mzee wa Maktaba
Mwone faragha, na usiiguse semina. Ukiiita upuuzi utakuwa umewapa ushahidi. Mwombe timu zipangwe kwa kazi: nani mzuri wa hesabu, nani anawafahamu wateja, nani anaweza kubaki jioni. Na mwenzako akirudia ule utani, mwambie kwa upole, "Sawa, na hoja yangu je?" Kisha nyamaza mpaka ajibu.

Kobe Mjanja
Nenda asubuhi. Bosi akishachoka naye ni moto, hata awe kazaliwa mwezi gani.