Bakteria wa baharini: fedha ya umma iwafuate kutafuta dawa, au tuache?

Ngisi
Bakteria sugu wanaongezeka, kampuni kubwa zimeikimbia biashara ya antibayotiki, na sasa wapo wanaotaka fedha ya umma ilipie msako wa dawa kwenye bakteria wa baharini. Mimi napinga. Salinosporamidi A, molekuli ya bakteria Salinispora tropica kutoka mashapo ya Bahama, ilitangazwa 2003 kwa shangwe. Ikafika awamu ya tatu ya majaribio kwa wagonjwa wa glioblastoma, saratani ya ubongo, haikuwaongezea maisha. Dawa ya bahari iliyookoa watu kweli ni sefalosporini, antibayotiki, nayo haikuhitaji meli wala mzamiaji. Ilikuwa mdomoni mwa bomba la maji taka.

Bi Spora
Kwa hiyo kinyesi kikigusa maji ya chumvi kinageuka bahari? Brotzu, daktari Mwitaliano, alichota Cagliari, Italia, 1945, pale maji taka yanapomwagika. Na kilichoota ni kuvu, mkuu. Umewashtaki bakteria, shahidi umemleta kuvu.

Ngisi
Nilisema "dawa ya bahari". Soma kwanza, dada.

Bi Spora
Kichwa cha mjadala umekiandika mwenyewe. Neno "bakteria" limo.

Mzee Rezini
Wanangu, mkimaliza habari za vyoo mhesabu upya. Dolastatini 10 ilipatikana kwa Dolabella, konokono wa Bahari ya Hindi asiye na gamba la nje, lakini anayeitengeneza ni sianobakteria anayeliwa na konokono huyo. Ndugu yake wa maabara, MMAE, ndiye sumu iliyopakiwa ndani ya brentuximabi vedotini, dawa ya saratani ya limfu, iliyoidhinishwa Marekani 2011. Trabektedini, dawa nyingine ya saratani, Ulaya 2007: kiumbe kilichokamuliwa kwanza, tunikata, mnyama laini wa baharini, ni mwenye nyumba tu; mtengenezaji ni mpangaji, bakteria aliye ndani yake. Leo hakamuliwi mtu. Pseudomonas fluorescens huchachushwa, hutoa sianosafrasini B, wakemia wanamalizia.

Chokaa
Shikamoo Mzee. Zote ni za saratani. Aliyeanzisha analilia bakteria sugu.

Ngisi
Ndicho ninachosema tangu mwanzo: antibayotiki.

Bi Spora
Tangu mwanzo! Na salinosporamidi uliyoanza nayo ni antibayotiki ya nini?

Chokaa
Tuseme ukweli, matope ya bahari yanawapa Streptomyces, bakteria walewale wa udongo wa shambani. Wiki tatu za kusafisha, mwisho mnakuta molekuli iliyojulikana miaka ya hamsini.

Bi Spora
Walewale mnawaita wenyewe. Mtu anamwaga tope bichi kwenye agari (uji ulioganda wa kuoteshea bakteria) yenye lishe nono, siku ya tatu sahani imefunikwa, anasema bahari haina kipya. Kausha tope usiku kucha kwenye kabati la hewa safi, lisage taratibu, gandamiza kipande cha sponji kilichotakaswa, kisha piga muhuri mara nane au tisa kuzunguka sahani. Kila pigo linabeba chembe chache kuliko lililotangulia, kwa hiyo koloni, yaani vichuguu vya bakteria, za mwisho zinakaa mbalimbali. Au tope mililita 1 kwenye mililita 4 za maji ya bahari yaliyotakaswa, nyuzi 55 kwa dakika 6: laini wanakufa, spora zinabaki. Agari itengenezwe kwa maji ya bahari. Weka sikloheksimidi mikrogramu 100 kwa mililita kuzuia kuvu (pole Ngisi), na antibayotiki rifampisini 5, maana Salinispora wanaihimili na wenye pupa ya kukua wengi hawaiwezi. Halafu subiri wiki sita. Koloni ya rangi ya chungwa ikianza kuwa nyeusi, imetoa spora.

Chokaa
Na kabla ya kusafisha chochote pima uzito wa molekuli, ulinganishe na zinazojulikana. Hiyo umeiruka. Umeruka na tangi la kuchachushia: ukitumia maji ya bahari, kloridi hutoboa chuma kisichoshika kutu, vitundu kama vya sindano.

Mzee Rezini
Na kloridi huwezi kuitupa yote. Salinosporamidi hutwaa atomu yake ya klorini humohumo, na kuondoka kwa klorini hiyo ndiko kunakoifunga proteasomu, mashine ya seli ya kuvunja protini, isifunguke tena. Tatizo jingine ni maji: pete ya laktoni hufunguka ndani yake, dawa inakufa tangini. Ndiyo maana rezini, chembe za plastiki zinazonasa molekuli, huingizwa mapema, gramu 20 kwa lita, idake molekuli kabla maji hayajaiwahi.

Ngisi
Kwa hiyo anayetaka chumvi ndiye mwana wa bahari? Mbona nimesikia si sodiamu wanayoitaka, hata potasiamu inawatosha?

Bi Spora
Inawatosha, kwa sababu shida yao ni mgandamizo. Salinispora wamepoteza jeni ya mscL, ile valvu ya kupunguza presha. Ukiwatia ghafla kwenye maji yasiyo na chumvi wanapasuka. S. tropica akirudishiwa jeni hiyo anavumilia. Sasa kuvu yako, inayochachushwa viwandani bila maji ya bahari, irudi nchi kavu.

Ngisi
Na Pseudomonas wa Mzee naye arudi?

Mzee Rezini
Yule sikusema katoka baharini. Nilimtaja kama mpishi.

Ngisi
Basi mpishi ndiye apewe fedha.