Naomba ushauri: nauza Mustang ya 1965 ya paa la kukunja

Habari zenu wakuu. Niko Ohio, nauza Ford Mustang ya 1965, paa la turubai, injini ya V8 (silinda nane) ya inchi za ujazo 289. Namba ya chasisi inaanza 5F08C, yaani ilitoka kiwanda cha Dearborn na injini ya aina hiyo. Rangi ni ileile ya awali, imepauka kidogo kwenye boneti. Nimeinua mazulia, sakafu haina kutu. Gari hili nalipenda mno, sitaki liishie kukatwa vipuri. Muuza magari mmoja alitaja bei ya kuvunja moyo, na wengi wanaopiga simu wanataka tubadilishane magari. Je, nilipige rangi kwanza au niliache lilivyo? Na nipeleke mnadani, au nisubiri mnunuzi binafsi?