Maneno ya hospitali: mafupi ndiyo yananiangusha

Kutoka: Mama Wawili, Leicester

Habari zenu, ndugu zangu. Wakubwa shikamooni.

Nina miezi saba kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa. Kiingereza cha kununua mkate na kubishana na dereva wa basi ninacho. Cha kazini ndicho kinanitoa jasho. Juzi niliandika kwenye daftari la zamu kwamba bibi mmoja ana kidonda kwenye "leg". Nesi wa usiku akamkagua kutoka gotini hadi kwenye kifundo, haoni kitu. Kidonda kilikuwa kisiginoni! Kwangu mguu ni mguu, tangu pajani hadi kidole gumba. Kumbe wenzetu kuanzia kwenye kifundo kushuka chini wanaita "foot", na nesi alinieleza hivyo mbele ya watu.

Nimechapa orodha ya maneno 500 ya kitabibu nikariri. Nimefika C, ya A nimeshayasahau. Nyie mlifanyaje?

Kutoka: Nesi Mstaafu, Reading

Marahaba, mwanangu. Orodha hiyo itupe.

Mkono nao ni vilevile: kiganja ni "hand", huku juu ni "arm". Tumbo ndilo balaa. Kwetu tumbo ni la chakula, la mimba, la hedhi, yote tumbo. Ukimwambia daktari "stomach" akili yake inakwenda kwenye mfuko wa chakula. Mimi nilikuwa nawaambia wagonjwa wetu wasitaje kitu, waweke kidole panapouma.

Maneno marefu yasikutishe, maana wewe ni mtu wa pika, pikia, pikiana. Kuvunja neno vipande umezaliwa nako. Likiishia "-itis", kitu kimevimba na kuwaka. Likiishia "-ectomy", kimekatwa kikatolewa. Shika mafindofindo: "tonsillitis" yanauma, "tonsillectomy" yametolewa. Maneno mawili tu ndiyo ya kuogopa, "hypo" na "hyper", kwa sababu la kwanza ni chini na la pili ni juu, na kwenye simu yanasikika karibu sawa. Ukipokea ripoti ya sukari usione haya, uliza: "low or high?"

Yanayoua ni haya mafupi unayodhani unayajua. Nilipofika Uingereza nililetewa barua niende "surgery" Jumanne saa tatu asubuhi. Basi mie Jumatatu usiku sikula, nikamwachia jirani ufunguo, nikamwambia na akaunti ya benki iko wapi. Kufika, ni zahanati ya daktari wa mtaa! Napimwa presha, naambiwa nenda nyumbani. Chumba cha kupasulia wanakiita "theatre", hilo angalau tunalo, thieta. "Stool" kwenye daftari lako si kigoda, ni choo kikubwa. "Complaint" si malalamiko, wanauliza unaumwa nini. Na "negative" kwenye majibu ya vipimo mara nyingi ndiyo habari njema. Nimeona mtu akilia bure.

Kutoka: Mtu wa Bukavu, Columbus

Mama Nesi, asante, umenikumbusha ya kwangu. Sisi wa Kongo tuna shida ya ziada, shule tumesoma kwa Kifaransa. Kwa Kifaransa "angine" ni ugonjwa wa koo. Nikaenda kwa daktari hapa Ohio koo limevimba, nikasema nina "angina", nikijua nimepatia. Kwa Kiingereza hayo ni maumivu ya moyo. Kufumba na kufumbua shati limevuliwa, kifuani nyaya tele. Moyo ukaonekana mzima. Koo niliondoka nalo.

Siku hizi naomba mkalimani. Hapa Marekani hospitali zinazopokea pesa za serikali kuu zinatakiwa kukupatia bila malipo. Msimtumie mtoto wenu, atakosaje kuona haya kutafsiri habari za mkojo wa baba yake?

Kutoka: Kijana wa Minneapolis

Niongeze la namba, limenikosesha usingizi. Mama alinipigia kutoka Dar, "mwanangu, sukari yangu 12." Hapa kazini kwetu 100 ni kawaida, 12 ni sukari imeshuka mno, mtu wa kukimbiziwa gari la wagonjwa. Nikaanza kupiga kelele anywe soda! Kumbe vipimo vya nyumbani Tanzania vinasoma kwa milimoli, vya Marekani kwa miligramu. Zidisha kwa 18: sukari ya mama ilikuwa 216, imepanda, na soda ndiyo ingemmaliza.

Kutoka: Mama Wawili, Leicester

Kaka, pole, ila la soda nimelicheka kwa sauti kwenye basi. Nimechora mtu nyuma ya daftari, mbele na mgongo, naandika jina la kila sehemu ninapokutana nalo kazini. Hadi leo yako 31. Mama Nesi, moja limenishinda: kichomi wanakiitaje?

Kutoka: Nesi Mstaafu, Reading

Usitafute neno moja, kichomi chetu kinabeba mengi. Sema "sharp pain when I breathe in", weka kidole penyewe. Na kama ni mzee wa kwenye zamu yako ndiye analalamika hivyo sasa hivi, simu weka chini, mwite nesi.