Tupeane uzoefu: nani aliacha moto (pikipiki) akarudilia kutembea na miguu hapa Bukavu?

Mama wa Essence
Jambo kwenu bote. Niko na miaka 54, ninauzishaka vitambaa Nyawera. Mwaka jana nilienda lopitali juu ya kichwa kuniuma tu, munganga akapima akakuta tansio (presha ya damu) 17 juu ya 10, nikaogopa sana sababu sikusikiaka kitu kingine. Akanipa dawa kiisha akaniuliza, mama, kazini unaendaka na nini? Nikasema moto. Asubuhi moto, jioni moto, ata kanisani paka moto. Akasema, basi, ile moto ya asubuhi uache. Tangu ile siku ninatoka Essence na miguu mpaka Nyawera, dakika 45 hivi, siku tano kwa wiki. Mwanzo nilikuwa nasimama mara tano ao sita juu ya pumzi, mwezi wa tatu nikasimama mara moja tu, na ile ni juu ya kusalimia mutu. Leo niko 13 juu ya 8, dawa sijaacha, munganga mwenyewe njo alipunguza kimoja. Na nyinyi? Na wakati ya mvua munafanyaka aje na ile matope?

Shofere wa Panzi
Mama aksanti kwa kuanzisha. Mimi ninashinda kwenye kiti ya taksi-bis tangu saa kumi na mbili ya asubuhi mpaka giza, miaka 19 sasa, tumbo ndiyo hii, na konvwayeri (kondakta) wangu mwembamba anaruka anashuka anapanda siku muzima. Mutoto wangu njo alinisomea kwamba kule London, mwaka 1953, dokta Jeremy Morris alitoa utafiti, walilinganisha mashofere na makonvwayeri ba zile bis za gorofa, bote kazi moja, mushahara karibu moja, lakini ugonjwa ya moyo ilikuwa inapiga zaidi mashofere, sababu konvwayeri alikuwa anapanda ngazi ya bis siku muzima. Nilisikia ni kama walikuwa wananipima mimi na kijana wangu. Sasa gari nikiipaki jioni narudi nyumbani na miguu, nusu saa. Tansio yangu sijapima bado, nasema ukweli.

Dada wa Kadutu
Papa shofere upime wiki hii, usingoje.
Mimi naomba tusichanganye mambo. Huku kwetu Kadutu batu banatembea sana, si juu ya afya, ni juu franga ya moto hakuna. Mama yangu alibebaka makala (mkaa) na unga na kamba kwenye kichwa miaka mingi, akapanda hii milima yote, na leo mugongo na magoti vimekwisha. Mutu asimwambie kwamba ile ilikuwa sporti! Kutembea mwepesi, mikono wazi, na kubeba kilo 50, ni vitu viwili. Sasa anatembea polepole asubuhi bila mzigo, na ananiambia njo mara ya kwanza anaona barabara.

Mwanafunzi wa udaktari
Dada umesema kitu kubwa, aksanti. OMS (shirika la afya ya dunia) inaomba mutu mukubwa afikishe dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wenye kumutosha pumzi kidogo, yani unaweza kuongea lakini kuimba hapana. Mama wa Essence, 45 mara tano ni 225, uko ndani kabisa. Na ile hatua 10,000 isiwatese, ilitokea Japani mwaka 1965 kwenye jina la kimashine cha kuhesabu hatua walichokuwa wanauzisha. Mwaka 2019 dokta I-Min Lee na wenzake walitoa hesabu ya bamama wazee wa Marekani, umri kati na kati miaka 72: wenye walifanya hatua 4,400 kwa siku walikufa kidogo kuliko ba 2,700, na faida ilipanda mpaka karibu 7,500 ikasimama pale. Lakini mutu akipanda kilima kifua ikambana, ao maumivu ikashuka kwenye mkono ao kwenye taya, asimame na aende lopitali siku ile ile. Asiseme ni uchovu.

Papa wa Muhumba
Niko na 73, pansiyo. Bibi yangu alipokufa nilikaa ndani miezi minane, miguu ikaanza kuvimba. Mujukuu akaanza kunivuta asubuhi tuangalie ziwa, dakika kumi, kiisha ishirini. Sasa mimi njo ninamuamsha. Mvua, mama, mimi ninazunguka kwenye baraza ya nyumba, mara arobaini.

Mama wa Essence
Papa, pole sana kwa mama. Ile ya baraza naichukua, hapa kwetu mvua imeanza tangu jana. Shofere wa Panzi, mimi kesho niko Nyawera mpaka saa kumi, ile farmasi ya pembeni inapimaka tansio, upitie nikusindikize.

Shofere wa Panzi
Nitakuja mama. Na miguu.